Sketi ya jigi: kazi yote iko shingoni

Jigi, chambo bandia cha kuvulia samaki, ikikosa sketi ni donge la risasi lililoganda kwenye ndoano. Inazama, inagonga mwamba, basi. Kinachomfanya samaki aifuate ni zile nywele za silikoni zinazofunuka jigi inapotua na kujilaza inapovutwa. Ningependa anayeanza kufunga sketi ajue mapema, kabla hajanunua chochote, kwamba uhai wa sketi hautokani na wingi wa nywele. Unatoka shingoni, kwenye milimita mbili au tatu zilizobanwa. Pakibanwa vizuri hapo, nywele 30 zitacheza kuliko 70 zilizofungwa ovyo. Pakilegea, hata silikoni ya bei mbaya kabisa itateremka hadi kwenye kipindo cha ndoano kama soksi iliyokatika lastiki.

Jigi ninayoizungumzia ni ya besi mdomo mkubwa, Micropterus salmoides, samaki wa Amerika ya Kaskazini. Mbinu nyingi za kuifunga zilikomaa huko, kwenye mabwawa kama Table Rock la Missouri na Guntersville la Alabama. Huku kwetu samaki huyu yumo ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwaka 1929. Mwaka 1970 akaletewa na kitoweo cha kwao: kamba mwekundu wa Louisiana, Procambarus clarkii, yule mwenye magando anayerudi kinyumenyume akitishwa. Besi wa Naivasha wakamzoea haraka. Kwa hiyo jigi ya kahawia yenye chembe za rangi ya chungwa, inayotambaa chini na kusimama, inaigiza mnyama yuleyule iwe Missouri au kando ya mafunjo ya Naivasha, na maarifa ya kuifunga ni yaleyale.

Neno moja kuhusu maneno. Sketi inatengenezwa kwa vipande bapa vya silikoni vilivyochanwachanwa katikati, vikiachwa vimeshikana kwenye ncha zote mbili. Naviita vibapa. Kibapa kimoja kina urefu wa sentimita 12 au 13 na nyuzi kama 20. Hizo nyuzi naziita nywele, zisichanganywe na uzi wa kufungia. Unywele mmoja hufungwa katikati ya urefu wake, kwa hiyo una ncha mbili: moja inaelekea mbele na kukunjika kurudi nyuma, nyingine inaelekea nyuma moja kwa moja. Nikitaja nywele 40, hesabu ncha 80 majini.

Kichwa nitakipitia upesi, kwa sababu kuyeyusha risasi ni somo lake lenyewe. Jigi ya kawaida ni ya gramu 10.6, yaani aunsi 3/8, kwenye ndoano namba 4/0. Kwa maji mafupi na sketi nyepesi, gramu 7 na ndoano 3/0 inatosha. Yeyusha nje penye upepo, osha mikono kabla ya kushika chakula, watoto wawe mbali. Usiruhusu hata tone la maji kuingia kwenye risasi ya moto, maana linageuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Betri za gari usiziguse kabisa. Zina asidi na sumu nyingine zisizostahili kuwa karibu na sufuria yoyote. Wanaovua Marekani waangalie pia sheria za jimbo lao: New Hampshire, kwa mfano, inakataza jigi za risasi zenye uzito wa aunsi 1 au pungufu katika maji yasiyo ya chumvi, na wavuvi wa huko hutumia bati lililochanganywa na bismuthi, au tungsteni.

Sehemu ya kichwa inayohusu sketi ni shingo: kile kigogo chembamba cha risasi kilicho nyuma ya kichwa, kinachozunguka mti wa ndoano, yaani sehemu yake iliyonyooka. Shingo nzuri ina urefu wa milimita 6 hadi 8, unene wa milimita 4 hivi, na mwishoni mwake ina kinundu. Pitisha kidole. Kama kinundu hakipo, au risasi haikujaa vizuri kwenye kalibu ikaacha shingo yenye ubavu mmoja mbonyeo, irudishe sufuriani. Nimeona watu wakijaribu kuficha shingo mbovu kwa uzi mwingi, na kila mara sketi hupata njia ya kuzunguka. Kama kuna ukingo mkali ulioachwa na mdomo wa kalibu, uchonge kwa kisu au tupa ndogo, kwa sababu ukingo huo ndio utakaokata uzi wako baada ya siku tatu za kuvua, nawe utadhani uzi ulikuwa mbovu.

Mpangilio wa kazi hauna mjadala: rangi, kuoka, brashi ya magugu, kisha sketi. Rangi ya unga huokwa kama dakika 20 kwenye nyuzijoto 180, katika oveni ndogo isiyopikiwa chakula. Brashi, yaani kile kifungu cha nailoni kinachosimama mbele ya ncha ya ndoano ili isinase magugu, italegea na kujikunja ikiingia kwenye joto hilo. Uzi wa kufungia nao utaharibika. Kwa hiyo brashi hugundishwa kwa epoksi baada ya kichwa kupoa, na sketi hufungwa baada ya epoksi kukauka kabisa. Ukifunga sketi epoksi ikiwa bado mbichi, nywele mbili tatu zitagusa gundi na kusimama wima milele. Tundu la ndoano lizibue kwa sindano rangi ikiwa bado ya moto. Ikishapoa utaivunja rangi ya kichwa kizima.

Sasa vifaa vya sketi. Jiliwa dogo la kushikia ndoano ndilo la kwanza. Ukikosa, koleo lenye mpira uliozungushwa kwenye vishikio linaweza kubana ndoano na kukaa mezani. Mkasi mdogo wenye ncha kali, ambao haukati kitu kingine isipokuwa silikoni. Koleo la mdomo mwembamba. Mrija wa soda au ganda la kalamu ya biro, la kuvika ncha ya ndoano. Hicho ni kitu cha bure na ni cha lazima, kwa sababu ndoano ya 4/0 inaingia kidoleni kwa urahisi wa ajabu pale unapokaza uzi na mkono ukateleza. Kipande kingine cha mrija kivike brashi, uisukume mbele, isikae njiani.

Cha kufungia ni waya au uzi. Waya ninaoupenda ni wa shaba wenye unene wa milimita 0.4, ule wenye vanishi wanaoutumia mafundi wa kufunga mota. Mabaki yao ya mita mbili tatu yanatosha jigi nyingi. Wa milimita 0.3 hukatika ukiusokota, na wa 0.5 huacha uvimbe ambao nywele haziufuniki. Waya wa chuma usiutumie hata kama ni mwembamba. Unashika kutu, kutu inakuwa na makali, makali yanakata silikoni.

Njia ya waya ni ya haraka na hudumu, na ndiyo ningempa mtu aanze nayo. Chukua vibapa viwili, vipange kimoja juu ya kingine, uvipitishe kwenye kipande cha bomba jembamba la plastiki lenye nafasi ya ndani ya milimita 8 hivi, ambalo juu yake umeshavika pete ya mpira. Vivute mpaka nusu ya urefu wake iwe upande huu na nusu upande ule. Telezesha pete itoke kwenye bomba iangukie katikati ya vibapa. Umepata sketi iliyobanwa na pete. Usikate zile ncha zilizoshikana bado, ndizo zinazokusaidia kuhesabu na kupanga.

Fungua nywele katikati ya pete kwa msumari, pitisha ndoano kuanzia nchani ikiwa imevikwa mrija, na ipandishe sketi mpaka pete ikae shingoni, mbele ya kinundu. Hakikisha nywele zimezunguka shingo pande zote. Kosa la kawaida hapa ni nywele zote kurundikana mgongoni huku tumbo likiwa wazi. Zisambaze kwa kidole kabla ya waya, kwa sababu baada ya waya hazitasogea.

Kata waya sentimita 15. Uzungushe mara mbili, mizunguko miwili ikae bega kwa bega, kando ya pete upande wa kichwa. Usiuweke juu ya pete. Watu wengi hufunga juu ya pete kwa kuwa ni rahisi, na ndiyo sababu sketi zao hulegea baada ya miezi michache: mpira wa pete huoza kwa joto na jua, ukioza unapungua unene, na waya uliokuwa umebana mpira unabaki umebana hewa. Waya ukibana silikoni yenyewe, hakuna kitakachooza chini yake.

Ncha mbili za waya zikutane upande wa tumbo, yaani upande ulio kinyume na ncha ya ndoano. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo waya hukatikia. Kuvuta na kusokota ni kazi mbili tofauti. Kinachokaza ni kuvuta. Kusokota ni kufuli tu. Zishike ncha zote mbili kwa koleo karibu na shingo, vuta kwa nguvu kutoka nje mpaka uone nywele zikitumbukia na kufanya kiuno, kisha, ukiwa bado umevuta, zungusha nusu mzunguko. Vuta tena, zungusha tena. Mizunguko minne au mitano inatosha. Angalia shina la msokoto, pale unapogusa nywele: mwanzoni waya unang'aa rangi moja, ukikaza unaanza kufifia na vanishi inapasuka vipasuko vidogo. Hapo simama. Nusu mzunguko mmoja zaidi na utabaki na msokoto mkononi na sketi mezani. Mtu akisokota bila kuvuta, msokoto unaonekana mzuri kabisa kwa nje huku kitanzi kilichozunguka shingo bado kina nafasi, na akiendelea kusokota ili kuiondoa nafasi hiyo ndipo waya unakatika kabla kitanzi hakijabana.

Kata mkia uache milimita 3, ulaze kuelekea nyuma kando ya mti wa ndoano, uugandamize kwa ubapa wa koleo. Mkia uliosimama hukamata magugu na kuchoma vidole. Kisha ivute pete kwa ncha ya sindano, uikate, uitoe.

Njia ya pili ni uzi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotoa sketi nzuri kuliko zote, ila inataka subira. Uzi mzuri ni wa nailoni bapa, ule unaolala ukitandazwa. Uzi mwembamba wa kushonea viatu unafaa pia ukiupaka nta ya mshumaa. Epuka uzi wa kusokotwa wa kuvulia, ule mwembamba mno wenye nguvu nyingi. Nguvu yake inavutia, lakini kwenye silikoni ni msumeno: unabana kisawasawa leo, na kila samaki anayetikisa kichwa anausogeza kidogo, hadi nywele zinaanza kudondoka moja moja. Mshipi wa plastiki ni mbaya zaidi, maana wenyewe unanyumbuka na fundo lake linajifungua.

Anza kwa kuzungusha uzi mara 12 kwenye shingo tupu. Huo ni msingi. Uzi juu ya rangi laini unateleza, uzi juu ya uzi hautelezi. Pasua vibapa viwili kwa urefu upate mafungu manne ya nywele kumi kumi. Fungu la kwanza liweke juu ya shingo, katikati ya urefu wake, ulishike kwa kidole gumba. Zungusha uzi mara mbili bila kukaza, kisha vuta kuelekea chini polepole. Utaona nywele zikitawanyika kidogo kufuata mviringo wa shingo. Zungusha mara nne tena, sasa kwa nguvu. Geuza jiliwa, fungu la pili upande wa kinyume. La tatu kulia, la nne kushoto, kila moja kwa namna hiyohiyo. Maliza kwa mizunguko 12 iliyokaza, yote ndani ya milimita 3, halafu vitanzi vinne vya kufungia, kimoja kimoja, kila kimoja ukivute mpaka kilie.

Wakati unazungusha, livute fungu kidogo kwa mkono wa pili, kama theluthi moja zaidi ya urefu wake wa kawaida. Silikoni iliyovutwa inakonda. Ukiifunga imekonda kisha ukaiachia, inanenepa ndani ya uzi na kujikaza yenyewe, na wakati huohuo nywele zinasukumwa kusimama mbali na shingo. Huu ndio ufundi wenyewe. Lakini usivute hadi mwisho wa uwezo wake. Unywele uliokonda kama uzi wa buibui unakatwa na mzunguko wa kwanza.

Gundi iwe tone moja tu, dogo, kwa ncha ya sindano, juu ya mafundo. Supagluu haishiki silikoni ipasavyo, inashika uzi. Kwa hiyo anayemwaga gundi nyingi akitumaini sketi itashikamana hapati mshiko wowote. Anachopata ni ukoko: gundi inanyonywa kati ya nywele, inakauka, na sentimita nzima ya nywele karibu na shingo inakuwa ngumu kama ufagio. Sketi ya namna hiyo haifunuki tena. Kinachoshika sketi ni mbano, na kama mbano haukutosha, fungua ufunge upya.

Upana wa mbano una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mbano mwembamba wa milimita 2 au 3 unaziacha nywele zikatike kona ghafla, hivyo zinasimama na kufunuka kama mwavuli. Mbano mpana wa milimita 6 unazilaza, zinafuata mti wa ndoano. Jigi ya kutambaa chini na kusimama inataka mbano mwembamba, kwa sababu kazi yake hufanyika ikiwa imetulia. Jigi ya kuogelea, inayovutwa bila kusimama katikati ya maji, inapendeza na mbano mpana kidogo. Mahali pa mbano nako kunabadilisha mambo: ukiuweka umegusa kichwa, kichwa chenyewe kinazisukuma zile nywele za mbele zirudi nyuma haraka. Ukiacha milimita 2 kati ya kichwa na mbano, nywele za mbele zinapata nafasi ya kusimama.

Kuhusu wingi, vibapa viwili, yaani nywele 40, ni kipimo cha kuanzia. Maji meusi, magugu mazito, jigi ya gramu 14 au zaidi: vibapa vitatu. Maji maangavu na samaki waoga: kibapa kimoja na nusu. Kumbuka kwamba sketi ni parachuti. Kila kibapa unachoongeza kinapunguza kasi ya kuzama, na jigi ya gramu 7 yenye vibapa vitatu inaelea kama unyoya na kupeperushwa na mkondo mpaka hujui iko wapi. Watu hulalamika kwamba jigi yao haifiki chini, wakaongeza risasi, kumbe walitakiwa kupunguza nywele.

Rangi nitasema machache, kwa sababu hapo kila mvuvi ana dini yake. Weka zilizokolea mgongoni na nyepesi tumboni, kama kamba mwenyewe alivyo. Mgongo ni upande wa ncha ya ndoano, kwa kuwa jigi inatembea ndoano ikitazama juu, na wengi hufunga kinyume kwa sababu kwenye jiliwa ndoano kwa kawaida hutazama chini. Kwa Naivasha na maji yenye kamba mwekundu, kahawia kwa kijani kibichi cha boga, na nywele tatu au nne za chungwa kwa pande za tumbo. Zaidi ya nne huwa ni mapambo. Kwa maji machafu, nyeusi na buluu.

Kukata ndiko kunakofungua sketi, na kunakoiharibu vilevile. Kwanza kata zile ncha zilizoshikana za nyuma: vikusanye vibapa nyuma ya kipindo cha ndoano na ukate sentimita 1 kupita kipindo. Zikizidi hapo, besi anauma nywele bila kugusa ndoano, nawe unahisi mguso tu. Usizivute ukikata kwa wingi ukitaka zilingane, maana zikiachiwa kila moja inarudi kwa kiasi chake. Kata mafungu madogo, bila kuvuta, mkasi ukiwa mshazari. Ncha zilizokatwa kwa mstari mmoja zinaonekana kama ukindu wa fagio, na majini zinasogea pamoja, wakati unataka kila moja iwe na mwendo wake.

Nywele za mbele una hiari nazo. Ukiziacha sawa na za nyuma, zinakunjika na kufunika, sketi inakuwa nene na laini. Ukizikata zibaki sentimita 2, hazina tena uzito wa kuzilaza, zinasimama kuzunguka shingo kama miguu ya buibui na kutetemeka kila risasi inapogusa jiwe. Kwa jigi ndogo kwenye maji maangavu, napendelea hizi fupi kila siku. Kata kidogo, tazama, kata tena.

Kabla ya kuiweka kisandukuni, ijaribu. Ishike sketi yote kwa vidole viwili na ujaribu kuizungusha shingoni. Ikizunguka hata robo, haijabana. Kisha vuta fungu moja la nywele kuelekea nyuma kwa nguvu ya mkono: ikichomoka hata moja, nyingine zitafuata. Mwisho itumbukize kwenye ndoo ya maji safi. Sketi mpya huingia na mapovu yaliyonaswa kati ya nywele, kwa hiyo itikise chini ya maji kwanza. Inyanyue sentimita 20, uiachie. Ikigusa chini, nywele zinapaswa kwanza kulala kwa nguvu ya kushuka, kisha polepole, bila kuguswa, kufunuka na kuinuka. Mwendo huo wa polepole baada ya kutua ndio unaomwangusha besi. Kama nywele zimekaa zimelala, mbano ni mpana mno au gundi imepanda. Kama zinafunuka upande mmoja, angalia brashi: mara nyingi nywele kadhaa zimenaswa kati ya vinyweleo vya nailoni. Zichomoe kwa sindano, kisha kata brashi ibaki milimita 2 au 3 juu ya ncha ya ndoano na uitawanye kwa vidole.

Wapo wanaotumia mpira halisi badala ya silikoni. Mpira una uhai wa ajabu kwenye maji ya baridi, lakini ni mlaini, haupendi jua, na ukisahaulika kwenye boti unashikana kuwa ulimbo. Ukiufunga, tumia uzi bapa peke yake, bila waya, na uuhifadhi na unga kidogo wa talki. Kwa walio pwani wanaofunga sketi za kuvutia nguru na jodari, mbano ni uleule lakini waya wa shaba uachwe. Kwenye maji ya chumvi shaba ikigusana na chuma cha ndoano, ndoano inaliwa haraka. Funga kwa uzi, na uwe na sketi za akiba, kwa sababu meno ya nguru hayachagui.

Hifadhi jigi zilizokauka, kila moja kwenye nafasi yake, mbali na chambo za minyoo ya plastiki laini. Mafuta yaliyomo kwenye plastiki hiyo huhamia kwenye rangi ya kichwa na kwenye nywele: rangi inakuwa ulimbo, nywele zinavimba na kugandamana, na haziponi kwa kuoshwa. Mkia wa plastiki uliouvika kwenye ndoano uutoe siku hiyohiyo baada ya kuvua, hata kama bado mzima.

Sketi ikichoka, kichwa hakijachoka. Kata waya kwa koleo la kukatia kutoka upande wa tumbo, au chana uzi kwa wembe ukiulaza sambamba na shingo, usichimbe rangi. Vua kila kitu mpaka shingo tupu, ipitishe kwenye kitambaa chenye spiriti kutoa mafuta ya mikono, kagua kinundu na ukingo, kagua ndoano kwa kuikwaruza kwenye ukucha: ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo kuelekea nchani. Kisha vibapa viwili vipya, na uanze tena na ile mizunguko 12 ya msingi.